Kaulimbiu ya Ohio: Neno Bila Mnenaji

Mwaka 1959 jimbo la Ohio, Marekani, lilipokea kaulimbiu isemayo kwamba kwa Mungu hakuna lisilowezekana. Aliyeipendekeza alikuwa mvulana wa Cincinnati. Sisi tulio watumishi wa Neno twatambua mara moja chimbuko lake: Mathayo 19:26.

Mwaka 1997, ilipokusudiwa kuandikwa penye jengo la serikali mjini Columbus, kesi ilifunguliwa. Mmoja wa walalamikaji alikuwa mchungaji Mpresbiteri. Mwaka 1998 jaji aliiruhusu, ila akaikataza serikali kutaja kwamba maneno hayo yametoka katika Agano Jipya. Mwaka 2001 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba kaulimbiu yenyewe haivunji Katiba.

Je, ni nini kilichosalia? Katika Injili, Yesu anena hayo baada ya kijana tajiri kuondoka kwa huzuni, na wanafunzi kuuliza ni nani basi awezaye kuokoka. Neno hilo lahusu wokovu ambao mwanadamu hawezi kujipatia, awe na mali kiasi gani. Likitengwa na swali hilo, lageuka kuwa msemo wa kutia moyo tu, ambao hata yule tajiri angeuchukua nyumbani akichekelea.

Hatuilaumu mahakama. Luther alitufundisha kwamba serikali haikupewa kazi ya kuhubiri Injili. Kazi hiyo ni yetu. Lakini je, nasi mimbarini hatufanyi vivyo hivyo, tunapochukua mstari mmoja na kumwacha aliyeunena, pamoja na walioambiwa?