Samaki wa Ignatyich na deni la Glasha

Mwezi uliopita mpwa wangu alinirushia video fupi. Mzungu mmoja yuko kwenye mto Fraser, kule Kanada, amekaa ndani ya kayaki, kile kidau chembamba ambacho ukipiga chafya tu kinayumba. Ndoano yake imenasa stajeni, na samaki anamburuta mtu na chombo chake kama ng'ombe aliyekata kamba. Baadaye samaki anachoka, analetwa ubavuni, anapigwa picha, anaachiwa. Sheria ya huko inataka aachiwe. Chini ya video mpwa wangu kaandika: "Mjomba, sasa hapo kavua nini?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kutafuta kitabu.

Stajeni sisi hatuna. Si Ziwa Victoria, si Rufiji. Ni samaki wa kaskazini ya dunia, wa ukoo wa kale sana. Hana magamba kama ya sato, ana safu 5 za vigao vya mfupa mwilini, mdomo uko chini ya kichwa, na mbele ya mdomo zinaning'inia ndevu 4. Jike hukaa miaka mingi kabla ya kutaga mara ya kwanza, na mayai yake ndiyo kaviari inayoliwa na matajiri. Kwa msomaji wa kwetu nitasema hivi: fikiria mabondo ya sangara. Kitu kilichomo tumboni kina bei kuliko mwenye tumbo, na hapo ndipo balaa linapoanzia.

Kitabu ni cha Viktor Astafyev, Mrusi wa Siberia, kilichotoka 1976. Kwa Kirusi jina lake ni kama kusema "samaki mfalme". Tafsiri ya Kiingereza iliyochapwa Moscow, ndiyo niliyosoma mimi, inamwita Queen Fish, yaani malkia. Si kosa la mfasiri. Neno la Kirusi la samaki ni la kike, na samaki mwenyewe ni jike lenye mayai. Kiswahili chetu hapa kingempa mwandishi tabu, maana "alimwegemea" yetu haisemi kama ni dume au jike. Na katika hadithi hii jinsia ya samaki ndiyo roho ya jambo lenyewe.

Kitabu kizima ni mfuatano wa simulizi za watu wa mto Yenisei, wavuvi na wawindaji, walevi na wakarimu. Nyingine zinachosha, mwandishi anapanda jukwaani na kuhubiri kuhusu mazingira mpaka unataka kumwambia, mzee, tumekuelewa. Lakini sura yenye jina la kitabu hainichoshi. Nimeisoma mara nne.

Ignatyich ni fundi, mtu nadhifu, hanywi ovyo, ukimwita kukusaidia anakuja. Na ni mvuvi haramu. Mtego wake ni kamba ndefu inayolazwa chini mtoni, imejaa ndoano kali zisizo na chambo. Wavuvi wetu wa migonzo angalau huweka chambo, samaki anadanganywa kwa chakula. Huyu wa Yenisei anadanganywa kwa mchezo tu: anavisogelea viboya vinavyocheza majini, ndoano inamchoma ubavuni, na akijitikisa zinamshika nyingine. Asipotolewa mapema anafia hapo hapo chini na kuoza. Astafyev anaeleza haya bila haraka, kama mtu aliyeyaona kwa macho yake. Kwangu kurasa hizo zinafanya kazi kuliko mahubiri yote ya kitabu.

Basi, siku moja ya majira ya baridi kukaribia, Ignatyich anavuta kamba na kukuta stajeni ambaye hajapata kumwona maishani. Peke yake hamuwezi. Angeweza kumngoja ndugu yake, lakini ndugu akija ni kugawana, nyama nusu, mayai nusu. Anachukua shoka, anampiga kichwani, na kwa purukushani hiyo anaanguka majini na kunasa kwenye ndoano zake mwenyewe. Wananing'inia pamoja, mtu na samaki, kwenye mtego mmoja, giza linaingia.

Usiku huo anakumbuka onyo la babu yake, kwamba mwenye dhambi nzito moyoni asimguse samaki mfalme. (Babu huyu amewekwa waziwazi mno, kama mzee wa kwenye tamthilia ya shule.) Na anamkumbuka Glasha. Alipokuwa kijana, kwa wivu, alimpeleka msichana huyo kando ya mto, akamvua heshima na kumsukumia majini. Miaka baadaye alimwomba msamaha. Glasha akamjibu kwamba Mungu na amsamehe, yeye hana nguvu hizo.

Wengi husoma sura hii kama hukumu: maumbile yamemkamata mwizi. Mimi naona kuna madeni mawili, la mto na la Glasha, na mwandishi anajaribu kulipa moja kwa risiti ya jingine. Samaki jike anamwegemea mtu kama mwanamke, anateseka naye, kisha anajichomoa na kwenda zake. Ignatyich anamwambia nenda, ukaishi, sitamwambia mtu. Moyo wake unakuwa mwepesi. Sawa, lakini ni nani aliyempa ruhusa ya kuwa mwepesi? Glasha alishakataa. Samaki hakuwa na mamlaka ya kusamehe kwa niaba yake.

Niseme wazi kwa nini hili linanichoma. Baba yangu alipofariki, baba mdogo alichukua mtumbwi na mashine yake, mama akabaki na sisi wanne na jembe. Miaka mitatu baadaye dhoruba ilimpindua baba mdogo usiku, akashikilia dumu tupu mpaka alfajiri. Alirudi kijijini mtu mpya. Alisimama kanisani akalia, akatununulia soda watoto wote. Mashine haikurudi. Mama alikuwa pale kanisani, alipiga makofi kama wengine, na njiani hakusema neno.

Kwa hiyo mimi ninapofika kwenye wepesi wa moyo wa Ignatyich, ninasimama. Lakini kumtendea haki Astafyev, kuna kitu kimoja alichoacha. Samaki anaondoka na ndoano mwilini, zimemchana, zinaning'inia. Mtu kapumua, yeye kabeba vyuma. Nadhani mwandishi alijua. Mama yake mwenyewe alizama kwenye Yenisei hiyo hiyo mwaka 1931, boti ilipopinduka na nywele zake zikanasa kwenye magogo, mwanawe akiwa na miaka 7. Mtu wa namna hiyo haandiki mwanamke aliyesukumiwa majini, na kiumbe jike kilichonaswa chini ya maji, kwa bahati mbaya tu.

Linganisha na Longfellow, Mmarekani, katika utenzi wake wa Hiawatha wa 1855 (utenzi nasema kwa makusudi, mistari yake ni ya mizani 8 kama ya kwetu, ila vina hana). Huko stajeni Nahma anammeza shujaa pamoja na mtumbwi wake wa magome. Shujaa anampiga moyo kutokea ndani, ndege wa ziwani wanatoboa njia, anatoka, na bibi yake anapata mafuta. Tamu sana kusikiliza. Ila Hiawatha anaingia majini hadaiwi na mtu, ndiyo maana anatoka kama alivyoingia.

Mpwa wangu nilimtumia picha ya jalada. Akauliza, "Kirefu?" Kirefu, nikamwambia, lakini anza na sura ya Ignatyich, zile nyingine zitakusubiri. Na ukifika kwa Glasha usipite haraka, amepewa mistari michache mno.