'Gari imeklia': Limefanywa nini, na nani?

KITENZI cha Kiingereza 'clear', hasa katika umbo lake la 'cleared', kimepata uraia Busia na Malaba. Madereva wa malori, mawakala wa forodha, wabadilishaji fedha na hata akina mama wanaouza chai kando ya foleni wanacho kinywani kutwa. Nitakiandika 'klia', kama kinavyotamkwa huko. Gari imeklia. Karatasi hazijaklia. Ukishaklia nipigie. (Kanuni za upatanisho zinadai 'gari limeklia', ila hilo tuliache kwa leo.)

Sina ugomvi na ukopaji wa maneno. Busia yenyewe inatajwa kuwa chimbuko la neno 'bodaboda': inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1960 waendesha baiskeli waliowavusha watu kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine walikuwa wakiwaita abiria kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya 'mpaka hadi mpaka'. Neno hilo lilivikwa sauti za Kiswahili, likaenea Afrika Mashariki nzima, na leo hakuna anayelikosea maana. Lilikuja na kitu chake mahususi.

'Klia' halikuja na kitu mahususi. Katika Kiingereza, 'cleared' ikitumiwa kwa mzigo mara nyingi huwa katika kauli ya kutendwa: msikilizaji anajua kuna mtu aliyetenda, hata asipotajwa. Kiswahili nacho hutofautisha mambo haya kwa makini. Tukisema 'lango limefunguliwa', yupo aliyelifungua. Tukisema 'lango limefunguka', huenda ni upepo. 'Gari imeklia' haiko huku wala kule. Haina kiambishi cha kutendwa wala cha kutendeka. Gari ndilo linaloonekana kutenda, utadhani lilijiendea lenyewe dirishani likapanga foleni.

Wapo watakaosema kwamba vitenzi vya mkopo havinyambuliki. Si kweli. 'Ruhusu', 'jibu', 'samehe' na 'hesabu' vina asili ya Kiarabu, na kila siku tunasema 'ruhusiwa', 'jibiwa', 'samehewa' na 'hesabiwa'. Nadhani kinachokikwamisha 'klia' ni sauti yake. Kinaishia kwa -ia kana kwamba tayari kimo katika kauli ya kutendea, mithili ya 'pikia' au 'lilia'. Ukikitia -w- unapata 'kliwa', na mzigo uliokliwa unakaribia mno kuwa mzigo ulioliwa. Sijui wakala atakayethubutu kumwambia mteja hivyo kwenye simu.

Majuzi nikiwa katika mkahawa mmoja Malaba nilimsikia dereva aliyekuwa ameiweka simu yake kwenye kipaza sauti.

"Dere, tulia, gari imeklia," sauti ya wakala ilisema.

"Imeklia aje, bosi, na niko hapa tangu juzi? Geti wananirudisha."

"Si nimekwambia imeklia?"

Ukweli ni kwamba hakuna aliyemdanganya mwenzake. Nilipomuuliza dereva, alinieleza kwamba ushuru ulikuwa umelipwa na nyaraka zimekubaliwa kwenye mfumo. Hiyo ndiyo iliyokuwa 'klia' ya wakala. Yeye alitarajia 'klia' ya kuvuka. Kati ya hizo mbili palikuwa na ukaguzi wa lakiri ambao haukuwa umefanywa, na pesa za njiani zilizokuwa zikiisha.

Utata huu una mizizi katika jinsi kazi yenyewe inavyofanywa. Tangu 2014, chini ya mpango wa Himaya Moja ya Forodha, bidhaa zinazoelekea Uganda hutozwa ushuru zikiwa bado Mombasa. Kwa hivyo mzigo 'huklia' kwa mara ya kwanza takriban kilomita 900 kabla ya kufika mpakani. Ukifika Malaba au Busia, nyaraka na lakiri ya kielektroniki hukaguliwa, na huko nako ni 'kuklia'. Isitoshe, vituo hivi ni vya pamoja. Kile cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni. Katika vituo vya aina hii, maafisa wa nchi zote mbili huketi upande wa nchi anayoingia msafiri. Aliyeklia, basi, ni Kenya au ni Uganda? Kitenzi hakisemi. Wakati wa janga la korona mambo yalizidi kuchanganyika, kwa kuwa dereva mwenyewe alipaswa kupimwa. 'Nimeklia' ikawa inaweza kuhusu mwili wake au kontena alilolibeba, huku foleni ya malori ikienea kilomita nyingi.

Je, Kiswahili kina neno? Kina kadhaa, na hapo ndipo utajiri wake ulipo. Bandarini Dar es Salaam, watu 'hugomboa' mizigo. Kitenzi 'gomboa' kina maana ya kukitoa kitu rehani kwa kulipa kinachodaiwa, na kwa mzigo uliozuiliwa hadi ushuru ulipwe sioni kinachofaa zaidi. Ni bahati mbaya kwamba hakijashika mizizi huku kwetu. Hata hivyo, hakifai kila mahali. Lori lenyewe halijawekwa rehani, kwa hivyo haligombolewi. Mzigo hugombolewa, nyaraka huidhinishwa, lakiri hukaguliwa, gari huruhusiwa kuvuka. Ninachokipinga kabisa ni 'safisha', ambacho baadhi ya wafasiri hukitumia kwa pupa. Shehena ya ngano 'iliyosafishwa' Malaba ni shehena iliyooshwa.

Matumizi mengine ya 'klia' sina haja ya kuyafuatia. Kijana anayesema 'nimeklia chuo' anaeleweka, sawa na anayesema 'nimeklia deni'. Hakuna anayelala barabarani kwa sababu hiyo.

Mpakani ni tofauti, kwani anayesubiri hawezi kukiona kilicho kwenye kompyuta ya wakala. Ana neno alilopewa tu. Nimesikia mawakala wakijitetea kwamba Kiswahili ni kirefu mno kwa ujumbe wa simu. 'Ushuru umelipwa, lakiri bado' ni maneno manne. Dereva akiyasoma atajua kwamba hana sababu ya kuwasha injini, na kwamba mtu wa kumuuliza sasa ni afisa wa lakiri, si wakala.