Bafle mpya inahitaji rodaje, ao muuzaji anahitaji muda?

Leo tuchambue neno moja lenye wauzaji wa vyombo vya muziki hapa Goma wanalipenda sana: rodaje.

Mwaka jana nilinunua bafle 2 na ampli kule Birere, pesa ya miezi 3 ya kazi. Usiku wa kwanza, bafle moja ikakwaruza kila besi ilipopiga. Nikarudi. "Mdogo yangu, hiyo ingali mpya. Ipigishe masaa 100, itajifungua." Nikatii. Kwangu umeme ulinipa masaa 6 kwa siku, basi masaa 100 ni siku 17. Garanti ilikuwa siku 7. Hesabu mmeiona?

Tuseme haki: wazo hilo lina mzizi. Pikipiki mpya inafanyiwa rodaje juu vyuma vyake vinasuguana mpaka vizoeane. Ndani ya bafle pia kuko kitu chenye kinatembea: ile koni imeshikwa na mpira pembeni na kitambaa cha mikunjo nyuma. Vikichezeshwa vinalegea kidogo. Lakini sehemu kubwa ya kulegea huko inakuja mapema sana, na ni ndogo: chombo cha kupimia kinaiona kuliko sikio. Ampli na nyaya hazina koni wala mpira wa kulegeza.

Sasa juu ya nini watu wanaapa kwamba sauti imebadilika? Mara nyingi chenye kimezoea ni sikio. Ao umesogeza bafle: kuiweka tu kwenye kona ya nyumba kunaongeza besi kuliko masaa 100 hayo.

Sisi wa agronomia tulifundishwa: ukitaka kujua kama mbolea imefanya kazi, acha kipande kimoja bila mbolea, kiwe shahidi. Mimi shahidi nilikuwa naye nyumbani na sikumuuliza: bafle ya pili. Zote zilikuwa mpya, zilipiga nyimbo zilezile. Moja safi, ingine inakwaruza. Siku ya 17 ndipo nikabadilisha nyaya, ya kushoto nikaipeleka kulia. Mkwaruzo ukabaki kwa bafle ileile. Kama ungehamia kwa ingine, kosa lingekuwa la ampli ao waya. Kazi ya dakika 5!

Ndiyo maana ninalikosoa neno hili. Linachukua ukweli mdogo na kuufunika nao ubovu, mpaka siku za garanti ziishe.

Kwa hiyo, mbele ya kulipa, pigisha palepale dukani wimbo wenye unaujua, wenye besi nzito, kisha badilisha nyaya. Muuzaji akisisitiza masaa 100, aandike kwa fakture kwamba garanti itaanza nyuma ya masaa hayo. Akikataa, usilipe.

Yangu ingali inakwaruza. Na ninyi, wenye mlishaambiwa "itajifungua", ilijifungua?