Ufadhili Mdogo na Mtoto wa Mkulima: Uhakiki wa Fikra ya Hisani Katika Elimu ya Vijijini

UTANGULIZI

Katika madarasa yetu ya itikadi tumezoea kuchambua misaada mikubwa. Tunajadili mikopo ya Benki ya Dunia, masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, na mikataba ya nchi tajiri na nchi maskini. Mara chache tunachambua msaada mdogo. Msaada huu hauna ofisi kubwa wala msururu wa magari. Ni watu wachache wa mji fulani wa Ulaya wanaochanga fedha zao, wakamnunulia mtoto wa mkulima sare, madaftari na viatu, wakamlipia chakula cha mchana shuleni, na pengine wakampa mama yake mbuzi wawili au cherehani.

Nani atapinga jambo hilo? Na kwa kuwa hakuna anayelipinga, hakuna anayelichambua. Makala haya yanakusudia kulichambua. Shabaha yake si kuwabeza watu wenye huruma, maana huruma ya mtu wa kawaida kwa mtoto asiyemjua si uovu. Shabaha ni kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: msaada wenyewe, na fikra inayokuja pamoja nao. Msaada unaweza kuwa mzuri na fikra ikawa potofu. Kada asiyeweza kutenganisha mambo hayo ataupokea upotofu kwa sababu umefungwa pamoja na viatu.

KARATASI YA KUOMBEA

Tuanze na maandishi yenyewe. Karatasi ya kuombea fedha za ufadhili ina umbo linalojulikana. Juu kuna picha ya mtoto mmoja, peke yake. Chini ya picha kuna jina lake la kwanza, umri wake, na shida yake. Kisha kuna kiasi cha fedha kinachotakiwa kila mwezi. Mwisho kuna ahadi kwamba mtoto ataandika barua.

Umbo hili lina historia. Mwaka 1937, wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Hispania, mwandishi wa habari wa Uingereza John Langdon-Davies alianzisha mpango wa kuwaunganisha watoto wa vita na wafadhili, mtoto mmoja kwa mfadhili mmoja. Mpango huo ndio uliokuja kuwa shirika la Plan. Katika miaka ya 1950, baada ya vita ya Korea, World Vision ilieneza utaratibu huo kwa watoto wa huko. ActionAid ya Uingereza nayo ilianza mwaka 1972 kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo utaratibu huu ulizaliwa mahali ambapo vita vilikuwa vimewatenga watoto na jamaa zao na kuvunja serikali zao. Kosa linaanza pale unapohamishiwa katika kijiji chenye serikali, chenye mkutano mkuu, chenye wazazi walio hai na mashamba yanayolimwa, bila ya kubadilika.

Tazama kile ambacho picha haionyeshi. Haionyeshi wazazi, kwa sababu mzazi mwenye jembe begani hupunguza huruma. Haionyeshi halmashauri ya kijiji. Haionyeshi bei ya ufuta wala aliyeipanga. Mtoto huonekana kama aliyeota jangwani, na umaskini wake huonekana kama hali ya hewa: upo tu, hauna aliyeusababisha. Hapo ndipo fikra ya hisani inapojificha. Inatuambia kwamba kuna mwenye kutoa na mwenye kupokea, lakini haitufundishi kuuliza kwa nini mmoja ana cha kutoa na mwingine hana.

MFANO WA RUTAMBA

Miaka michache iliyopita nilifika Rutamba, mkoani Lindi, pamoja na wanafunzi wa darasa la itikadi. Tulimtembelea bibi mmoja anayelea wajukuu wawili, watoto wa mtu na mdogo wake. Mmoja alikuwa na mkoba mpya, viatu vyeusi na sare kamili. Mwingine alikuwa na shati lililofifia na daftari moja alilolikata katikati ili litumike kwa masomo mawili. Kikundi kimoja kidogo cha ufadhili kilikuwa kimemchukua wa kwanza. Wa pili hakukubaliwa, kwa sababu utaratibu ulitaka yatima, naye baba yake yu hai.

Baba huyo ni kibarua wa mashamba ya korosho, hurudi nyumbani mara moja kwa mwaka, pengine asirudi. Bibi alituuliza, "Hawa wote wanalala mkeka mmoja. Huyu nimwambie nini? Kwamba kosa lake ni baba yake kuwa hai?"

Nilimjibu kama tulivyofunzwa. Nilizungumza juu ya kujitegemea na hatari ya kutegemea wageni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hayo nayajua. Mawe ya msingi wa shule hii mimi nimeyabeba kichwani. Wewe niambie: sare inatakiwa Januari, na ufuta nauza Juni. Hapo katikati nifanye nini?"

Sikuwa na jibu. Naandika jambo hili kama kujikosoa, maana bibi yule alikuwa ameichambua hali kwa usahihi kuliko mkufunzi. Umaskini wa kaya ya mkulima wa Lindi una kalenda. Korosho huuzwa kuanzia Oktoba, ufuta huuzwa kuanzia Juni. Shule hufunguliwa Januari, na miezi ya masika ndiyo miezi ya ghala tupu na palizi. Mtoto haachi shule kwa sababu mzazi wake haipendi elimu. Anaacha kwa sababu mahitaji ya shule na mapato ya shamba havikutani katika mwezi mmoja.

Rutamba hiyo hiyo ina somo jingine. Baada ya Frelimo kuanza vita vya ukombozi Septemba 1964, wakulima wa Msumbiji walivuka Ruvuma kwa maelfu, na Rutamba ikawa mojawapo ya makazi ya kwanza ya wakimbizi hao. Serikali ya Tanzania ilitoa ardhi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi na shirika la makanisa lililoitwa TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964, vilisaidia. Huo nao ulikuwa msaada kutoka nje. Lakini shabaha ya makazi ya namna ile ilikuwa mkimbizi apate shamba, apewe posho mpaka avune, na baada ya hapo ajilishe. Msaada ulikuwa na mwisho uliojulikana, na uliwakuta watu wenye lengo lao wenyewe, yaani kuikomboa nchi yao, jambo lililotimia tarehe 25 Juni 1975. Hakuna aliyewageuza kuwa picha za kusikitikiwa.

CHANZO CHA PENGO

Hatuwezi kuhakiki ufadhili mdogo bila ya kuuliza umeingilia wapi. Mwaka 1973 ada ya shule za msingi ilifutwa. Mwaka 1974 Azimio la Musoma liliagiza kila mtoto wa umri wa kwenda shule apate nafasi ifikapo 1977. Wananchi walifyatua matofali, wakabeba mawe, wakajenga madarasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uandikishaji ulifika karibu asilimia 98, hesabu ikichukua pamoja na wanafunzi waliozidi umri. Kisha kukaja shida ya uchumi, mkataba wa 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa, na siasa ya uchangiaji wa gharama. Michango ya shule ikarudi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uandikishaji ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 80.

Vikundi vingi vya ufadhili vilichipuka katika pengo hilo. Profesa Issa Shivji, katika kitabu chake cha mwaka 2007 juu ya ukimya uliomo katika mazungumzo ya mashirika yasiyo ya kiserikali, ameonyesha kwamba kupanuka kwa mashirika hayo hakutenganishiki na kurudishwa nyuma kwa dola. Hoja hiyo ni sahihi, lakini haitoshi. Inaeleza vizuri mashirika makubwa yenye wataalamu na warsha. Haimwambii bibi wa Rutamba afanye nini mwezi Januari.

Tangu wakati huo Taifa limepiga hatua. Ada ya msingi ilifutwa tena mwaka 2001, na Januari 2016 elimu bila malipo ilifika kidato cha nne. Lakini sare, madaftari na chakula vimebaki kwa mzazi. Pengo limepungua, halijazibwa, na ndani ya sehemu iliyobaki ndimo mfadhili mdogo anamofanyia kazi.

MAKOSA MAWILI

Kosa la kwanza ni la kupokea bila ya kuhoji. Kiongozi wa kijiji anaona msaada wowote ni neema, anapokea orodha iliyopangwa mahali pengine, na kazi yake inakuwa kupiga mhuri. Mwisho wa mwaka watoto wanakalishwa darasani waandike barua za shukrani. Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa Machi 1967, ilitaka shule ijenge kwa mtoto akili ya kudadisi na imani kwamba yeye ni mtu huru na sawa na wenzake. Barua ya shukrani inayoandikwa kwa amri ni kinyume cha somo hilo. Inamfundisha mtoto kwamba shule ni zawadi, na aliyepewa zawadi haulizi maswali.

Kosa la pili ni la kukataa kwa maneno. Hili ndilo nililolifanya mimi. Kada anakemea ufadhili kuwa ukoloni mamboleo, kisha anaondoka, na mtoto anabaki bila daftari. Tena ni unafiki. Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere iliyopo Kibaha, iliyofunguliwa mwaka 2022 kwa ajili ya vyama sita vya ukombozi, ilijengwa kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China. Hatukuona aibu kuupokea. Basi hatuna haki ya kumwonea haya bibi anayepokea viatu. Azimio la Arusha halikukataza msaada. Lilikataza kuufanya msaada kuwa msingi.

KIPIMO

Tunapendekeza maswali matatu ya kupimia ufadhili wowote wa elimu kijijini.

(a) Nani anaamua? Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini una kasoro zake, na sehemu kubwa ya fedha zake zimetoka Benki ya Dunia, lakini majina ya kaya husomwa katika mkutano wa kijiji, mbele ya watu wanaojuana. Mkutano wa kijiji usingeweza kuwatenganisha wajukuu wawili wa mkeka mmoja kwa kigezo cha uyatima.

(b) Unamwacha mpokeaji na nguvu gani? CAMFED ilianza Zimbabwe mwaka 1993 kwa kuwasaidia wasichana 32. Mwaka 1998 wasichana waliosomeshwa waliunda umoja wao, wakaanza kuwasomesha wengine. Hapo mpokeaji amekuwa mtendaji. Ufadhili usiozaa umoja wa watu huzaa wapokeaji wapya tu.

(c) Unagusa nini usichoweza kukigusa? Mfadhili anaweza kumnunulia msichana sare. Hakuweza kumrudisha darasani msichana aliyejifungua wakati utaratibu wa nchi ulimzuia. Kilichofungua mlango ule ni uamuzi wa Serikali wa Novemba 2021. Mambo ya haki huamuliwa kwa siasa, na hakuna hisani inayoweza kuchukua nafasi yake.

KAZI YA KADA

Tunayo historia ya kujivunia. TAPA, iliyoanzishwa mwaka 1955, iliwakusanya wazazi wajenge shule kwa watoto walioachwa nje na mkoloni, na Jumuiya ya Wazazi ndiyo mrithi wake. Wazazi wale walikuwa maskini kuliko sisi. Walichokuwa nacho ni chombo chao.

Vyombo leo vipo. Ufuta na korosho huuzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika na stakabadhi ghalani. Tangu mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara umekuwa asilimia 3. Tuchukue mfano wa hesabu tu: kijiji kikiuza tani 200 za ufuta kwa shilingi 3,000 kwa kilo, mauzo ni shilingi milioni 600, na ushuru wake ni shilingi milioni 18. Mkutano mkuu wa kijiji una haki ya kuuliza ni kiasi gani kimerudi shuleni. Chama cha msingi nacho kinaweza kuamua, kwa kura ya wanachama, kutenga shilingi chache kwa kila kilo mwezi Juni, zinunue sare na madaftari ya Januari kwa kila mtoto wa darasa la kwanza, awe yatima au asiwe. Mfadhili akija, aongeze katika mfuko huo, chini ya uamuzi wa mkutano, na barua ya shukrani iandikwe na kijiji, iambatane na hesabu ya matumizi.

Hapo bibi wa Rutamba atakuwa amejibiwa. Mpaka siku hiyo, tusimhukumu kwa kupokea mkoba. Tujihukumu sisi, kwa kuwa aliuliza swali la Januari, nasi tukampa hotuba.