Wajenzi Wasio na Makao: Uhakiki wa Riwaya ya Going Down River Road

Riwaya ya Meja Mwangi, Going Down River Road, ilitolewa mwaka 1976 kwa Kiingereza. Huenda msomaji akauliza kwa nini ihakikiwe katika jarida la walimu wa Kiswahili. Jibu letu ni fupi: wanaosimuliwa humo ni vibarua wa Nairobi, na Kiswahili ni lugha yao ya kazini na ya kilabuni. Tena hali yao tunaiona jirani na kilima chetu cha Kyambogo.

Ben alikuwa askari jeshi, akafukuzwa. Sasa ni kibarua katika ujenzi wa ghorofa iitwayo Development House, yaani Nyumba ya Maendeleo. Rafiki yake, Ocholla, analala katika kibanda kando ya mto. Mchana wanainua jengo la watu wengine. Jioni wanatafuta pombe rahisi. Wini, aliyekuwa akiishi na Ben, anatoroka na kumwachia mwanawe mdogo, Baby. Ben anatolewa katika chumba alichopanga, anahamia kwa Ocholla pamoja na mtoto. Watu wa baraza la jiji wanachoma vibanda. Wenyewe wanavijenga upya.

Ubora wa riwaya umo katika mzunguko huo. Mara nyingi tumesikia ikihubiriwa kwamba asiye na makao ni mvivu. Mwandishi hahubiri, bali anaonyesha. Mtu anafanya kazi kutwa, ujira hautoshi kodi, asiyelipa anatolewa, aliyetolewa anajenga kibanda, nacho kinachomwa. Jengo likikamilika, kazi nayo imekwisha. Mtu atasema: mbona wanakunywa mshahara wao? Ni kweli wanakunywa, wala mwandishi hafichi. Lakini hata wangeacha pombe leo, ujira ule usingewapatia kiwanja mjini.

Mwanafunzi wetu mmoja aliuliza: "Kwani hawana kwao kijijini?" Swali ni zuri, na jibu limo kitabuni. Wake wa Ocholla wanafika mjini pamoja na watoto, wakaingia kibandani humo humo. Kijiji nacho kimemfuata mjini.

Tusidhani kwamba hayo ni ya Nairobi peke yake. Upande wa Banda na Kireka upo mtaa uitwao Acholi Quarters. Wengi wa wakazi wake walikimbia vita vya kaskazini mwa Uganda vilivyoanza katika miaka ya 1980. Kwa miaka mingi kina mama wa huko wameponda mawe ya machimbo kuwa kokoto, kwa nyundo ya mkono. Kokoto hizo zimejenga Kampala; waliozipondaponda wamebaki katika vyumba vya kupanga. Na mwaka 2014 makazi mengi ya kando ya reli, Namuwongo ikiwamo, yalibomolewa.

Sisi walimu wa lugha tuna sehemu yetu katika jambo hili. Neno "mzururaji" huhukumu kabla ya kueleza. Wahenga walisema, maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba. Sheria nayo ilikuwa na mwelekeo huo huo, hata mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilipofuta vifungu vilivyowezesha mtu kukamatwa kwa kushukiwa uzururaji tu.

Riwaya haikosi dosari, na iliyo kubwa ni kwamba wanawake wake wanaonekana kwa macho ya wanaume tu. Wini anatoweka, nasi hatupati kuisikia hoja yake kutoka kinywani mwake. Wake wa Ocholla wanapokewa kama mzigo. Mama anayeponda kokoto angesimulia mzunguko huu kwa namna nyingine, na masimulizi hayo bado twayangoja. Kwamba riwaya haitoi suluhisho, hilo hatulihesabu kuwa kosa. Mwandishi aliyechora ukuta barabara hawajibiki kuchora mlango usiokuwapo.

Tunawapendekezea walimu wenzetu zoezi moja. Baada ya kuwasimulia wanafunzi kisa hiki, waambieni waandike kwa Kiswahili: ni nani aliyejenga chumba unacholala, naye analala wapi? Sisi tulijaribu. Darasa lilikaa kimya kwa muda mrefu kabla kalamu ya kwanza haijaanza kuandika.