Kuli na ile laki moja

Nimeirudia *Kuli* ya Adam Shafi. Ilitoka 1979, inasimulia makuli wa bandari ya Zanzibar na mgomo wa 1948 kupitia kijana Rashidi. Wengi tunaisoma kimtihani: dhamira, wahusika, falsafa, kwisha. Safari hii nimeisoma kama hoja ya mshahara.

Wanadharia wa mahusiano kazini wana kambi tatu. Wa kwanza husema mwajiri na mfanyakazi ni familia moja. Wa pili: ni pande mbili zenye maslahi tofauti, zikae mezani zielewane. Wa tatu, wanaomfuata Marx, wanasema hiyo meza yenyewe imeinama. Shafi yuko kambi ya tatu, wala hafichi.

Je, alikosea? Tuangalie kwetu chini ya Meru, kwenye mashamba ya maua ya Usa River na Tengeru, ambako wengi wa vibarua ni wanawake. Tanzania ina meza: sheria ya 2004 inaweka bodi za mishahara, waajiri na wafanyakazi wote wamo. Julai 2013 kima cha chini cha kilimo kikawa shilingi 100,000 kwa mwezi. Kilipanda tena Januari 2023, kikafika 140,000. Miaka tisa na nusu, jamani! Unga ulimsubiri nani? Hapo Shafi ana haki yake: mshahara haupandi wenyewe, lazima kuwe na wa kuusukuma.

Ila riwaya inanikwaza mahali pamoja. Ndani yake, kuli anayeogopa ni kuli ambaye hajaelimishwa. Akishafunguliwa macho, hofu inakwisha, anaingia mgomoni. Sasa mchukue mama wa shamba la maua. Hesabu anaijua kuliko mimi na wewe: kodi ya chumba, ada, daftari la deni dukani. Anajua kabisa kwamba anapunjwa. Anaogopa kwa sababu getini kuna mwingine anasubiri nafasi yake. Hofu yake si ujinga, ni hesabu, na somo la chama peke yake haliifuti.

Shafi ametupa mgomo wa wanaume walioamka. Bado natafuta riwaya ya Kiswahili ya huyu mama aliyeamka zamani na bado asubuhi anapanda gari la shamba. Kama mnaijua, nitajieni.