Babu Shujaa au Daftari la Ndoa?

Sisi waandishi chipukizi tuna ugonjwa mmoja. Kila anayeandika riwaya ya ukoo wake, lazima babu wa kwanza awe shujaa: mrefu, mkaidi, haombi maji hata akifa na kiu. Sehemu ya lawama naipeleka kwa kitabu ambacho wengi wetu tumekililia: Roots cha Alex Haley, kilichotoka 1976.

Sikatai, Haley ni fundi. Kunta Kinte anapokatwa mguu kwa kutoroka, msomaji anafunga kitabu kwanza avute pumzi. Lakini Haley alidai zaidi ya riwaya. Alisema kamfikia babu yake hasa, katika kijiji cha Juffure huko Gambia, na meli iliyomleta Annapolis mwaka 1767 kaiona katika maandishi. Mwaka 1981 wataalamu wa nasaba, Gary Mills na Elizabeth Shown Mills, wakachapisha uchunguzi wao: yule mtumwa Toby, ambaye kwa Haley ndiye Kunta, alikwishatajwa katika nyaraka za familia ya Waller miaka kadhaa kabla meli hiyo haijatia nanga. Daraja la kwenda Gambia likavunjika.

Wapo wanaosema, aa, hadithi ni hadithi bwana. Haya, tuiache hiyo kesi. Mimi nina ugomvi na msuko wa kitabu chenyewe. Kunta peke yake amepewa zaidi ya nusu ya kurasa. Vizazi vinavyofuata vinapungua pumzi, na uhuru ukishafika 1865, Haley anakimbia kama mtu anayewahi basi la mwisho. Anakimbia pale pale makaratasi yanapoanza!

Maana kabla ya hapo mtumwa wa Marekani hakuwa na ndoa mbele ya sheria. Kunta na Bell wanaruka fagio mbele ya wenzao, yamekwisha, hakuna anayeandika. Vita vilipokuwa vinaelekea ukingoni, watu wakaanza kuandikishwa. Virginia ilipitisha sheria Februari 1866 ya kuzitambua ndoa hizo, na orodha zake zinataja mume, mke, umri, kazi, watoto na bwana wa mwisho aliyewamiliki. North Carolina, mwaka huo huo, mtu na mkewe walikwenda kwa karani, wakasema wameishi pamoja tangu lini, wakatoa senti 25.

Anayetafuta wazee wake leo anaanzia hapo. Akishapata jina la bwana wa mwisho, anafukua wosia na orodha za mirathi za ukoo wa huyo bwana, na humo anaweza kumkuta bibi yake kaandikwa jina moja tu na bei pembeni, jirani na ng'ombe na masufuria. Majina mengi kutoka madaftari ya Freedmen's Bureau, idara iliyoundwa 1865 kuwashughulikia waliotoka utumwani, yamekwishawekwa kwenye intaneti.

Daftari linalonikosesha usingizi ni la Mississippi, la miaka ya 1864 na 1865, kutoka Natchez, Vicksburg na Davis Bend. Mwanahistoria Herbert Gutman alilitumia katika kitabu chake juu ya familia za watu weusi, nacho kilitoka 1976 hiyo hiyo. Kitabu kikavu, majedwali matupu. Lakini ona safu za lile daftari: umri wako, rangi yako, rangi ya baba, rangi ya mama, uliishi na mwenzi mwingine miaka mingapi, mlizaa wangapi, mlitenganishwa na nini. Na wengi majibu yao yaliandikwa kwamba walitenganishwa kwa nguvu. Hapo hapana shujaa wala simba aliyeuawa kwa mkuki, na bado mkono unatetemeka.

Haley mwenyewe aliwahi kuugusa moto huu. Kurasa bora za Roots, kwangu mimi, ni zile za mwishoni anapokaa Washington akisoma sensa ya 1870 kwenye maikrofilamu, na ghafla anamwona Tom Murray, mhunzi, pamoja na mkewe Irene. Kumbe yale ya kina bibi barazani yalikuwa kweli! Sentensi zake hapo ni fupi, hazina madoido.

Sasa ndugu yangu unayetaka kuandika ukoo, chukua daftari la Vicksburg. Mwanamke amesimama mbele ya meza. Karani anauliza, yeye anajibu: miaka, watoto, kwa nguvu. Bwana harusi yuko pembeni, anasikia hesabu ya watoto asiowajua. Wino unakauka, wanapewa cheti, wanaanza kurudi kwa miguu. Njiani wanaongea nini?